Mwongozo kamili wa kumpanga ngamia na jamaa zake katika uainishaji wa wanyama

Mtu anayemtazama ngamia wa Amudat, kaskazini-mashariki mwa Uganda, akicheua kivulini hushawishika kumweka katika fungu moja na ng'ombe, mbuzi na kondoo, kwa kuwa wote wana vidole viwili vya kukanyagia na wote huyarudisha majani kinywani ili kuyatafuna upya. Fungu hilo si lake. Uainishaji wa wanyama hufuata ukoo, yaani nani ametokana na nani kwa mamilioni ya miaka, na kwa kipimo hicho ng'ombe wa Ankole yuko karibu zaidi na kiboko wa mkondo wa Kazinga kuliko alivyo karibu na ngamia. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kulifikia hitimisho hilo hatua kwa hatua, kwa kutumia mambo ambayo mwalimu, mwanafunzi au afisa mifugo wa Karamoja anaweza kuyaona mwenyewe, na pale macho yanaposhindwa, kwa kutumia yale ambayo maabara imekwisha kuyathibitisha.

Hatua ya kwanza: tayarisha ngazi

Chukua karatasi na uandike kutoka juu kwenda chini: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Ngazi tatu za juu hazina ubishi: ngamia ni mnyama, ana uti wa mgongo na hunyonyesha, kwa hiyo andika Animalia, Chordata na Mammalia. Acha nafasi kubwa kati ya oda na familia, na nyingine kati ya familia na jenasi, kwa sababu huko ndiko kazi ilipo. Katika nafasi ya kwanza utaingiza nusuoda, na katika ya pili utaingiza kabila, ambalo kwa wanabiolojia ni kundi la jenasi zilizo karibu ndani ya familia moja.

Oda yenyewe ni Artiodactyla, ya wanyama ambao uzito wa mwili wao unabebwa na vidole vya idadi shufwa, viwili au vinne. Humo wamo nguruwe, kiboko, twiga, swala, nyati, ng'ombe na ngamia. Punda na punda milia hawamo, kwa kuwa wao husimama juu ya kidole kimoja, wala kifaru, mwenye vidole vitatu.

Hatua ya pili: anza na miguu

Ng'ombe husimama juu ya ncha za vidole, na ncha hizo zimevikwa kwato ngumu zinazobeba uzito wote. Ngamia hukanyaga kwa vidole vyenyewe, navyo vimelala juu ya mto mpana wa nyama laini wenye ngozi nene, huku mbele kukiwa na kucha mbili fupi ambazo hazibebi mzigo. Mwombe mfugaji akuonyeshe nyayo za ngamia mchangani zikiwa kando ya zile za ng'ombe, na tofauti itajieleza. Kutokana na mto huo mwanazoolojia Illiger aliliita kundi hili Tylopoda mwaka 1811, na jina hilo ndilo la kuandika katika nafasi ya nusuoda.

Ukikuta mfupa mtupu malishoni bado unaweza kufanya kazi. Chukua ule mfupa mrefu ulio juu ya vidole, ambao ni mifupa miwili iliyoungana, na uangalie mwisho wake wa chini. Kwa ng'ombe vichwa viwili vya mwisho huo hushuka sambamba na kukaribiana. Kwa ngamia hutengana na kuelekea nje, kila kimoja upande wake. Alama hii huwafaa sana wachimbaji wa mabaki ya kale, kwa kuwa ngozi na nyama huoza lakini mfupa hubaki.

Kisha simama ubavuni mwa mnyama aliye hai na uangalie paja la nyuma. Ngozi ya ubavu wa ng'ombe hushuka hadi karibu na goti na kulifunika paja, ilhali ngamia hana ngozi hiyo, na mguu wake wa nyuma huonekana wote tangu nyonga, jambo linalomfanya aonekane mrefu wa miguu kuliko vipimo vyake vinavyosema.

Usitegemee nundu. Ng'ombe wa Karamoja wana nundu ilhali si ngamia, na lama, mnyama wa Amerika Kusini, hana nundu ilhali ni wa familia ya ngamia. Nundu ya ngamia ni akiba ya mafuta, nayo hupungua na kulegea njaa ikizidi. Inafaa kutofautisha spishi ndani ya jenasi moja, lakini haifai kuamua familia.

Mwendo pia ni ushahidi dhaifu. Ngamia hutembea kwa kupeleka mbele mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja karibu kwa pamoja, na twiga wa hifadhi ya Kidepo hutembea vivyo hivyo. Twiga amewapotosha wengi kwa mwendo huu na kwa shingo yake, na hata jina lake la kisayansi, Giraffa camelopardalis, limebeba ngamia na chui pamoja. Kwa ukoo, twiga ni jamaa wa ng'ombe na swala.

Hatua ya tatu: tazama kinywa

Kazi hii ifanyike mwenye mnyama akiwa amemshika, na isifanyike kwa dume aliye katika majira ya kupandana, kwa sababu huuma, na meno yake hupasua. Ng'ombe mzima hana meno ya mbele katika taya la juu; mahali pake pana ufizi mgumu. Ngamia mzima hubaki na jino moja la mbele kila upande wa juu, lililochongoka kama chonge, na nyuma yake ipo chonge yenyewe. Madume ya lama na ya mwenzake alpaka nao wana meno ya namna hiyo, mawili kila upande wa juu na moja kila upande wa chini, ambayo wafugaji huyakata ili yasije yakaumiza madume wengine wakati wa ugomvi. Chagua mnyama mzima, kwa kuwa meno ya ndama yanaweza kukupoteza.

Hatua ya nne: tumbo, mahali ambapo wengi hukosea

Kucheua ndiko kulikowafanya watu wengi wamweke ngamia katika kundi la ng'ombe, na ni kweli kwamba anacheua. Swali la mwainishaji ni kama uwezo huo ameurithi kwa babu mmoja na ng'ombe, au kila mmoja ameupata kwa njia yake. Jibu linapatikana machinjioni, tumbo likifunguliwa na kuoshwa.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne, na cha tatu hutambulika upesi kwa kuta zake zilizopangika kama kurasa za kitabu. Tumbo la ngamia lina vyumba vitatu tu, na hicho cha kurasa hakionekani. Chumba cha kwanza cha ngamia kina maeneo yaliyojaa vifuko vidogo vyenye tezi, kitu ambacho hakipo kwa ng'ombe. Hapo zamani vifuko hivyo vilidhaniwa kuwa matangi ya maji ya safari, lakini kazi yake inahusu usagaji wa chakula na ufyonzaji wake. Chumba cha tatu ni kirefu kama bomba, na asidi hutolewa katika sehemu yake ya mwisho pekee. Tezi, umbo na mpangilio vyote vimetofautiana. Hali ni ya wanyama wawili waliokabiliwa na tatizo lile lile la majani magumu, kila mmoja akalitatua kwa mwili aliokuwa nao.

Hata hivyo usihesabu vyumba kisha ukafunga daftari. Katika misitu ya Afrika ya Kati na ya Magharibi yupo mnyama mdogo anayeitwa Hyemoschus aquaticus, ambaye kwa ukoo ni wa upande wa ng'ombe na swala, lakini chumba cha kurasa hakikukua kwake, kwa hiyo naye huonekana kuwa na vyumba vitatu. Hesabu peke yake ingemtupa kwa ngamia. Linganisha kuta na tezi pamoja na idadi.

Ukiwa hapo machinjioni, tafuta pia mfuko wa nyongo kwenye ini. Ng'ombe na mbuzi wanao, ngamia hana. Twiga mzima naye kwa kawaida hana, kwa hiyo ushahidi huu huongezwa juu ya mwingine na hautoshi ukisimama peke yake.

Hatua ya tano: damu

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji kumchinja mnyama na haiachi shaka. Maafisa mifugo huchukua tone la damu ya ngamia ili kutafuta vimelea vya jamii ya malale. Tone hilo likipakwa kwenye kioo, likakaushwa, likatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini, seli nyekundu huonekana zikiwa na umbo la yai. Seli nyekundu za binadamu, ng'ombe, mbuzi na mamalia wengine ni za duara. Umbo la yai hupatikana kwa ngamia wote na kwa lama, alpaka, guanako na vikunya, na hili ni jambo zito, kwa kuwa wanyama wa Afrika na Asia wameshirikiana alama moja adimu na wanyama wa milima ya Andes ya Amerika Kusini, ng'ambo ya bahari. Seli hizo huvumilia kuvimba maji yanapoingia kwa wingi mwilini baada ya kiu ndefu, lakini kwa mwainishaji maana yake kubwa ni urithi wa pamoja.

Kuna alama nyingine ya damu ambayo haionekani kwa hadubini ya kawaida. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels, nchini Ubelgiji, walitangaza kwamba ngamia, pamoja na kingamwili za kawaida zenye minyororo mizito na myepesi ya protini, wana kingamwili nyingine zilizoundwa kwa minyororo mizito peke yake. Jamaa zao wa Amerika Kusini nao wanazo. Leo vipande vya kingamwili hizo hutumika kutengeneza dawa na vipimo vya maabara.

Hatua ya sita: jaza nafasi kati ya oda na familia

Sasa rudi kwenye karatasi. Chini ya Artiodactyla andika Tylopoda, na chini yake andika Camelidae, familia iliyopewa jina hilo na Gray mwaka 1821. Kati ya wanyama walio hai leo, Tylopoda haina familia nyingine.

Pembeni chora matawi, kwa sababu safu ya maneno haionyeshi nani alitengana na nani kwanza. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba tawi la ngamia lilichepuka mapema kabisa katika oda hii. Baadaye likachepuka tawi la nguruwe. Lililobaki likagawanyika pande mbili: upande mmoja ng'ombe, swala, twiga na wenzao, upande wa pili kiboko pamoja na nyangumi. Ndiyo maana kiboko na ng'ombe wana babu wa pamoja wa karibu zaidi kuliko babu ambaye yeyote kati yao anashiriki na ngamia. Mwanafunzi akiuliza nyangumi ameingiaje katika oda ya wanyama wenye kwato, mwelekeze kwenye mchoro huo: nyangumi hana miguu ya nyuma leo, lakini mababu zake walikuwa nayo, na mifupa ya vifundo vyao iliyochimbwa ina umbo lile lile la pekee linaloitambulisha oda hii.

Hatua ya saba: gawanya familia katika makabila mawili

Hapa kazi ni nyepesi. Wenye nundu, wakubwa, wa Afrika na Asia, ni kabila la Camelini, lenye jenasi moja hai, Camelus. Wasio na nundu, wadogo, wa Amerika Kusini, ni kabila la Lamini, lenye jenasi mbili, Lama na Vicugna. Ngamia wa nundu moja huwa na uzito wa kilo 400 hadi 600 hivi, ilhali vikunya, aliye mdogo kuliko wote, hufikia kilo 35 hadi 65.

Hatua ya nane: tenganisha ngamia watatu

Wengi husema kuna ngamia wa aina mbili. Wapo watatu.

Wa kwanza ni Camelus dromedarius, wa nundu moja, na ndiye anayefugwa na Wapokot wa Amudat na ndiye ambaye Waturkana huvuka naye mpaka kutoka Kenya wakitafuta malisho upande wa Moroto. Alifugwa kwanza katika Rasi ya Uarabuni miaka kama 3,000 iliyopita, na mababu zake wa mwituni wamekwisha kutoweka. Makundi yanayorandaranda bila mwenyewe katika majangwa ya Australia yametokana na ngamia wa kufugwa waliopelekwa huko katika karne ya 19, kwa hiyo usiyaandike kuwa ya mwituni kwa asili.

Wa pili ni Camelus bactrianus, wa nundu mbili, anayefugwa Asia ya Kati, mwenye manyoya mengi ya kumkinga na baridi kali.

Wa tatu ni Camelus ferus, ngamia wa mwituni wa nundu mbili, aliyeelezwa na Przewalski mwaka 1878. Anaishi katika majangwa ya kaskazini-magharibi mwa China na kusini mwa Mongolia. Ni mwembamba, kichwa chake kimebonyea, na nundu zake ni ndogo, zimechongoka na zimeachana. Kwa muda mrefu alidhaniwa kuwa babu wa yule wa kufugwa, au kuwa mfugo uliotoroka, lakini DNA imeyakataa mawazo yote mawili: koo hizi zilitengana mamia ya maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kufuga ngamia. Wamebaki karibu 1,000 tu, na wanahesabiwa kuwa katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Anayemwandika pamoja na Camelus bactrianus humnyima nafasi yake mnyama ambaye akiisha hana mwenzake wa kushika mahali pake.

Hatua ya tisa: tenganisha wanne wa Amerika Kusini

Wawili ni wa mwituni na wawili ni wa kufugwa. Guanako, Lama guanicoe, ana rangi ya kahawia iliyoiva, tumbo jeupe na uso wa kijivu. Vikunya, Vicugna vicugna, ana rangi ya mdalasini, hana uso wa kijivu, na kifuani mara nyingi hubeba kishungi kirefu cha manyoya meupe. Lama, Lama glama, ni mnyama wa mizigo, mwenye masikio marefu yaliyopinda kuelekea ndani. Alpaka, Vicugna pacos, ni mfupi zaidi, masikio yake yamenyooka, na hufugwa kwa ajili ya sufu.

Macho yakishindwa, meno husaidia. Meno ya mbele ya chini ya vikunya huendelea kukua maisha yote, na gamba gumu la nje limeufunika upande mmoja tu wa jino. Ya guanako na lama hufunga mizizi na kuacha kukua. Ya alpaka yako katikati, na huko katikati ndiko ubishi ulikozaliwa.

Kwa zaidi ya karne moja wataalamu walidhani kwamba lama na alpaka wote walitokana na guanako, wakamwandika alpaka kuwa Lama pacos. Mwaka 2001 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba alpaka ametokana na vikunya, na jina likabadilishwa kuwa Vicugna pacos. Ushahidi ulikuwa mgumu kusoma kwa sababu, hasa baada ya Wahispania kuuvamia utawala wa Inka na kuuvuruga ufugaji wa wenyeji, alpaka na lama walichanganywa mno, hata alpaka wengi leo wamebeba vinasaba vilivyotoka kwa lama. Ukiona kitabu kimeandika Lama pacos, angalia mwaka wake kabla ya kumlaumu mwandishi.

Hatua ya kumi: machotara

Shuleni hufundishwa kwamba wanyama wakiweza kuzaa pamoja watoto wenye rutuba basi ni wa spishi moja. Familia hii haiitii kanuni hiyo. Ngamia wa nundu moja na wa nundu mbili huzaa chotara mkubwa mwenye nguvu ambaye naye huzaa, na wale wanne wa Amerika Kusini huzaliana wote. Sababu mojawapo ni kwamba wote wana kromosomu 74. Linganisha na farasi mwenye 64 na punda mwenye 62, ambao mtoto wao nyumbu hubaki na 63 na kwa kawaida hazai. Mwaka 1998 huko Dubai, kwa upandishaji wa chupa, alizaliwa hata mtoto wa ngamia dume na jamaa yake wa Amerika Kusini. Kwa hiyo spishi za familia hii zinatenganishwa kwa historia ya ukoo, umbo na makazi, na chotara huandikwa kwa majina ya wazazi wote wawili yakiunganishwa na alama ya ×.

Hatua ya kumi na moja: pima jibu lako kwa mabaki ya kale

Familia ya ngamia ilianzia Amerika Kaskazini zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita, na kwa sehemu kubwa ya historia yake haikutoka huko. Poebrotherium, ngamia wa kale aliyekuwa na kimo cha mbuzi, bado alikanyaga kwa ncha za vidole vyenye kwato, jambo linaloonyesha kwamba ule mto wa nyama ulikuja baadaye. Mababu wa Camelus walivukia Asia miaka kama milioni 6 au 7 iliyopita, kupitia nchi kavu iliyokuwapo kati ya Alaska na Siberia, na mababu wa lama wakashukia Amerika Kusini miaka kama milioni 3 iliyopita. Waliobaki nyumbani, akiwamo Camelops, walitoweka mwishoni mwa enzi ya barafu. Kwa sababu hiyo, ukichimba katika tabaka za Napak, huko Karamoja, ambazo zina umri wa karibu miaka milioni 20, usitarajie mfupa wa ngamia. Ukiambiwa umepatikana, rudia ile hatua ya pili kwa makini.

Hatua ya kumi na mbili: andika jina inavyotakiwa

Jenasi huanza kwa herufi kubwa, spishi kwa ndogo, na yote mawili huandikwa kwa herufi za mlazo au kupigiwa mstari yakiandikwa kwa mkono. Baada yake huwekwa jina la aliyemwelezea mnyama na mwaka. Mabano yana maana hapa. Mwaka 1758 Linnaeus, mwasisi wa mfumo huu wa majina, aliwaweka ngamia, lama na alpaka wote katika jenasi moja, Camelus. Spishi iliyobaki katika jenasi aliyoiweka huandikwa bila mabano, Camelus dromedarius Linnaeus, 1758. Iliyohamishwa huandikwa kwa mabano, Lama glama (Linnaeus, 1758). Msomaji anayejua kanuni hii hutambua kwa kutazama tu kwamba mnyama huyo aliwahi kubadilishiwa jenasi. Tume ya kimataifa ya majina ya wanyama nayo iliamua mwaka 2003 kuyalinda majina 17 ya spishi za mwituni, likiwamo la guanako na la ngamia wa mwituni, yasimezwe na majina ya mifugo yaliyotangulia kuandikwa.

Kwa ngamia uliyemchunguza Moroto, daftari lisomeke hivi: oda Artiodactyla, nusuoda Tylopoda, familia Camelidae, kabila Camelini, Camelus dromedarius Linnaeus, 1758; kisha mahali, tarehe, jinsia, umri kwa meno, na kama tone la damu lilipakwa kwenye kioo, namba ya kioo hicho.